Faili Lililotoka Bila Kadi

Mwone kwanza anavyoingia kazini. Saa moja na nusu asubuhi, sakafu ya ukumbi bado ina maji ya mfagizi, naye anapita pembeni mwa ukuta kwa ncha za viatu ili asimharibie mwenzake kazi. Mkoba begani, miwani imening'inia kifuani kwa uzi mweusi, ufunguo ameushika mkononi tangu getini, kama mtu anayeogopa kuulizwa. Ni mwembamba, ana miaka hamsini na mitatu, hutembea upesi na huongea polepole. Anafungua mlango wa chini, wa kuingilia, halafu wa juu, wa kuhudumia watu, anafuta vumbi kwenye ubao wa kupokelea kwa upande wa nje, na siku ya masjala inakuwa imeanza.

Ofisi nzima ilimwita Bi Faili. Masjala, kwa asiyejua, ndicho chumba yanamokaa mafaili yote ya ofisi, na yeye alikaa mle miaka thelathini na moja. Mafaili elfu kumi na moja kwenye rafu za chuma, na kila moja alijua limelala ubavu gani. Ila sifa yake kubwa ilikuwa ni kadi. Faili likitoka, mahali pake panasimamishwa kadi ngumu ya rangi ya waridi yenye jina la aliyelichukua, tarehe na sahihi. Faili likiwa nje, hakuna mwingine anayegusa jambo hilo mpaka lirudi. Likirudi, kadi inatoka.

Mkurugenzi mpya alipofika alituma watu wamchukulie faili bila kusaini, wakarudi mikono mitupu, akaja mwenyewe.

"Bi Faili, hata mimi nisaini?"

"Hata wewe, mheshimiwa."

"Ofisi si yangu hii?"

"Ni yako. Ila faili halikujui."

Mkurugenzi akacheka, akasaini. Toka siku hiyo walikuwa wakisalimiana kama watu waliotahiniana wakafaulu wote.

Kulikuwa na neno moja ambalo watu wa ofisi ile walilitumia kwa maana yao wenyewe. Jambo likiisha, mkubwa anaandika chini ya karatasi ya mwisho: *Hifadhi*. Basi. Maana yake shauri limekwisha, faili lirudi rafuni, tusiliulizie tena. Wenye kazi zao walikuwa wanalisikia neno hilo kama mlango unaofungwa. Likumbuke hilo neno, nitalirudia.

Nyumbani Bi Faili aliishi na mama yake. Mume alikuwa amekwenda zake zamani bila ugomvi wala kuaga, na mtoto hawakujaliwa. Mama alikuwa fundi cherehani, miaka arobaini na zaidi kwenye baraza ileile, mwanamke wa kupima mtu kwa macho na kumwambia, "Umeongezeka kiuno tangu mwaka jana, usinidanganye." Alipofika themanini na moja, akili ikaanza kumtoka kidogokidogo. Alianza kwa kutia chumvi mara mbili. Akaja kumwita binti yake "dada." Halafu akawa anaamka na kuulizia wateja waliokufa.

Mchana, Bi Faili akiwa kazini, mama alikaa na jirani wa chumba cha pili, mjane mwenye moyo na sauti kubwa. Shida ilikuwa moja: yanayomtuliza mama yalikuwa mengi, na kila mtu alijua nusu. Mama anauliza, "Mwenye gauni la kijani amekuja?" Ukimjibu "Ameshalichukua," anakasirika, anagoma kula, "Nani kampa bila kujipima?" Ukimjibu "Hajaja," anakaa mlangoni mpaka jua linazama. Ilichukua wiki tatu Bi Faili kugundua jibu lenyewe: "Anakuja kujipima jioni." Hapo mama anatikisa kichwa, anasema, "Haya, nipe chakula basi, nisipime watu na njaa."

Jambo kama hilo utaliandika wapi? Akamuuliza Fundi wa kompyuta wa ofisini kwao, mama mmoja mnene aliyekaribia kustaafu, ambaye alitengeneza mashine za watu huku akizitukana.

"Wewe unataka wiki," Fundi akasema.

"Wiki moja haitoshi. Mama anaweza kukaa miaka."

Fundi akacheka mpaka akakaa chini. "Si wiki ya siku saba, shoga. Ni daftari. Linaitwa hivyohivyo, wiki. Kila jambo lina ukurasa wake, na neno likiwa la bluu, ukiligusa linakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Ukiandika *gauni la kijani*, linakupeleka kwa mwenye gauni. Ukimgusa mwenye gauni, unapelekwa mtaa aliokaa."

"Na linakaa wapi?"

"Kwangu. Nina seva chini ya meza nyumbani, kisanduku kama redio. Watu naowapenda nawawekea mafaili yao mle, wanayafikia kwa mtandao popote walipo. Ila sikiliza vizuri, wewe mtu wa masjala utanielewa upesi kuliko wale vijana wangu. Daftari lako lote ni faili moja. Ukilifungua, linakuja zima mkononi mwako. Ukimaliza kuandika unabonyeza *Hifadhi*, linarudi zima kwenye seva na kukaa pale lilipokuwa la kwanza. Si karatasi moja inayorudi. Ni faili zima."

"Na kama wawili wamelitoa kwa wakati mmoja?"

"Nilijua utaniuliza. Seva yangu ina kadi. Ukilitoa wewe ili uandike, mwingine anaweza kulisoma, lakini hawezi kuhifadhi mpaka ulirudishe."

"Kadi ya waridi," alisema Bi Faili, na kwa mara ya kwanza akaipenda kompyuta.

Alianza mwezi wa kwanza. Kila jioni baada ya kumwogesha mama alikaa kwenye kiti cha chini, simu mapajani, anaandika. Mwanzoni aliandika ya kumtunza tu: dawa, majibu, nguo asiyoipenda. Lakini mama akili yake ilikuwa inaachia vitu ambavyo miaka yote ilivikumbatia. Siku moja anasimulia alivyokata kitambaa cha kwanza kinyume akakaa siku mbili bila kula. Siku nyingine anataja wateja mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, kila mmoja na kipimo cha kifua chake na siri yake. Bi Faili aliyaandika kama yalivyotoka, bila kunyoosha sentensi. Alikuwa akisema kwamba karatasi ya asili haisahihishwi.

"Unaandika nini?" mama anauliza.

"Wiki, mama."

"Wiki ya ngapi?"

"Ya tisa."

"Mbona haikui hiyo mimba?"

Na jirani pale anacheka mpaka anashika ukuta.

Mama alikuwa na watoto wawili. Bi Faili ni wa pili. Wa kwanza ni kaka yake, mkubwa kwake kwa miaka saba, aliyekaa mji mwingine akiwa mkuu wa ofisi ya serikali, mtu wa kalamu nzito na suti ya mikono mirefu. Hakuwa mtu mbaya. Dawa za mama zilipokwisha alileta, na kila Jumapili saa kumi alipiga simu. Mwezi wa tatu alitaka naye alione daftari, na dada yake akampa nenosiri kwa furaha.

Siku mbili baadaye akapiga simu, na haikuwa Jumapili.

"Mdogo wangu, hili daftari lako limenikatalia."

"Limekukatalia vipi, kaka?"

"Nimeandika tarehe ya kuzaliwa mama, ile sahihi, nabonyeza Hifadhi, linaniambia *faili liko kwa mwingine, subiri*."

"Ni mimi nilikuwa naandika, kaka. Jaribu sasa."

Akajaribu, akafaulu. Wiki ile ile likamkatalia tena. Mara hii hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa nafuu.

"Sisi tuko wawili tu kwa mama. Mimi ni wa kwanza kutoka tumboni. Naambiwa nisubiri, na mashine?"

"Si mashine, kaka, ni utaratibu tu."

"Utaratibu kati yangu na mama yangu. Haya. Basi endelea nalo mwenyewe."

Jumapili simu haikulia. Mama, ambaye alikuwa amesahau mpaka jina la mumewe, saa kumi akaketi karibu na simu akaiangalia. Jumapili ya pili hivyohivyo.

Hapa ndipo ninapotaka umtazame Bi Faili vizuri. Mwanamke aliyemsainisha mkurugenzi. Jumatatu alikwenda kwa Fundi akasimama mlangoni akichezea uzi wa miwani.

"Ile kadi," akasema. "Inaweza kuondolewa?"

Fundi akavua miwani yake. "Inaweza. Lakini ukiiondoa, anayehifadhi mwisho ndiye anayebaki. Mtu akiwa na daftari la zamani mkononi akabonyeza, la zamani linalala juu ya jipya, na seva haitamuuliza kitu. Wewe ofisini ungekubali?"

"Ofisini nisingekubali."

"Sasa?"

"Yule ni kaka yangu."

Fundi akaiondoa. Jioni ile Bi Faili akampigia kaka yake kumwambia kwamba sasa anaweza kuandika wakati wowote, na akaomba radhi kwa usumbufu. Kaka akafurahi. Aliingia kwa kompyuta ya ofisini kwake, akaandika sentensi moja nzuri kuhusu upole wa mama, akahifadhi, akaacha dirisha la daftari wazi, nyuma ya kazi nyingine. Alikuwa mtu wa kufungua, si wa kufunga. Kompyuta yake haikuzimwa, ililazwa tu na kuamshwa. Daftari siku hiyo lilikuwa na kurasa sitini na moja.

Simu ya Jumapili ikarudi. Mama akawa anatulia tena saa kumi.

Miezi ikaenda. Daftari likafika kurasa mia mbili, mia tatu. Jirani alikuwa akilifungua kwenye simu yake kila mchana, anasoma huku anasonga ugali, "Dada, leo kauliza nyuzi za bluu, nimemjibu kama ulivyoandika, kalala kama mtoto." Kaka naye alikuwa akilisoma kwenye simu yake mara mojamoja, na kusifu. "Una subira, mdogo wangu. Mimi nisingeweza."

Mwezi wa saba, siku ya mvua, mama alikuwa anakunjua na kukunja kipande cha kitambaa. Bi Faili alikuwa anamkata kucha. Mama akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na shoga yake barazani:

"Mwanangu wa kike alipata chuo, unajua?"

Mkasi ukasimama.

"Barua ilikuja. Kaka yake ndiye aliyekuwa anakwenda posta. Akaikalia. Alijua dada yake akiondoka, yeye ndiye atakayebaki na mimi, na yeye alitaka mji. Niliikuta chini ya godoro lake nilipokuwa natandika. Nikaisoma, na muda ulikuwa bado upo." Akalainisha kitambaa kwenye goti. "Nikarudisha godoro."

"Kwa nini, mama?"

Mama akamtazama, hakumjua. "Wewe una mtoto wa kiume?" akauliza. "Basi huwezi kujua."

Sikia. Kwenye masjala hakuna dhambi kubwa kuliko kukalia faili. Mtu anayekalia faili amekalia maisha ya watu. Bi Faili, akiwa na miaka kumi na tisa, alisubiri barua ile ya chuo cha ualimu tangu kiangazi mpaka masika. Alipoona kimya alijiambia hakufaulu, akachukua kazi ya kubeba mafaili, na miaka mitatu baadaye akaingizwa masjala. Miaka thelathini na minne alijihesabu mtu aliyefeli.

Akamaliza kucha za mkono wa kushoto. Akamalizia za kulia. Halafu akachukua simu akaandika ukurasa mpya, maneno ya mama moja kwa moja, pamoja na kitambaa, goti, na lile swali la mwisho. Akauita *Barua*. Akabonyeza Hifadhi.

Hakumpigia kaka yake. Alijua daftari liko wazi kwake. Alitaka ausome mwenyewe, halafu aseme neno, neno lolote. Jumapili iliyofuata simu haikulia. Ya pili ikalia, na kaka akaongea habari za dawa na za mvua, na Bi Faili akaongea za dawa na za mvua. Aliusoma? Hakuusoma? Hukumu ilikuwa imekaa kati yao kama kiti ambacho kila mtu anakizunguka.

Mwezi wa tisa mama akashikwa na kifua. Wakalazwa siku tisa. Nasema wakalazwa, kwa sababu binti naye hakutoka pale wodini, alilala kwenye kiti na kuoga kwenye ndoo. Daftari hakuligusa. Mama hakuwa akisema chochote cha kuandika, alikuwa anapigania pumzi tu.

Siku ya kumi wakarudi nyumbani. Kesho yake asubuhi Bi Faili akaenda kazini, na saa tano simu ikaita kwenye ubao wa masjala.

"Dada," alikuwa jirani, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua. "Mama anauliza habari za mwenye mashine ya kukodi. Natafuta ulivyoandika tumjibu nini, siuoni ukurasa. Halafu hata ule wa gauni la kijani umerudi kuwa nusu. Ule wa zamani, kabla hujaongeza yale mengine."

Bi Faili akafungua daftari kwenye kompyuta ya masjala. Akaangalia chini, panapoandikwa idadi. Kurasa sitini na moja.

Alizoea kutafuta faili lililopotea. Hana haraka, haongei peke yake. Akatafuta *Barua*. Haipo. Akatafuta *vipimo*, akatafuta *kitambaa cha kwanza*. Kulikuwa na kurasa mia nne na kumi na mbili siku aliyoondoka kwenda hospitali. Akafunga mlango wa juu wa masjala saa tano na robo mchana, jambo ambalo halijawahi kuonekana, akaenda kwa Fundi.

Fundi akaingia kwenye seva yake, akapekua tarehe moja baada ya nyingine. Halafu akageuza kiti.

"Limehifadhiwa siku nane zilizopita, saa nne asubuhi. Kutoka kompyuta ya kaka yako. Ni daftari la mwezi wa tatu. Lilikuwa wazi kwake muda wote huu, akabonyeza, likalala juu ya lako."

"Nakala huna?"

"Kisanduku changu kidogo, shoga yangu. Kinaweka nakala za wiki moja."

"Wiki moja."

"Siku saba. Ungekuja juzi." Fundi hakuweza kumtazama. "Na wewe kwako? Hata simu ya jirani?"

Simu ya jirani ilikuwa imeshalivuta lile jembamba la kurasa sitini na moja, kwa kulifungua tu. Na Bi Faili mwenyewe alikuwa mtu wa kufunga kila kitu anapomaliza, kompyuta, dirisha, droo. Lililonusurika lilinusurika kwa uzembe wa kaka yake, na lililokufa lilikufa kwa unadhifu wake yeye dada. Hakuwa amechapa hata ukurasa mmoja. Kazini mchana kutwa alikuwa anameza vumbi la karatasi. Alitaka kitu kimoja maishani mwake kisicho na vumbi.

Jioni akapiga simu.

"Kaka, ulilifungua daftari nikiwa hospitali?"

"Nililifunga," kaka akasema. "Unajua nakabidhi ofisi, nastaafu mwisho wa mwezi. Nilikuwa nasafisha kompyuta, nikaliona bado liko wazi pale. Nikasema nisiliache hivi, ni mambo ya mama. Nikabonyeza Hifadhi."

"Kwa nini Hifadhi?"

"Ningebonyeza nini? Nimeandika neno hilo miaka thelathini chini ya mafaili. Jambo likiisha, hifadhi. Linarudi rafuni." Akasita. "Kwani vipi?"

Akamweleza. Kurasa mia tatu na hamsini na moja.

Upande wa pili kukawa na kimya. Bi Faili alikisikiliza kimya kile kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Alikuwa anatafuta ndani yake mshtuko, au nafuu, moja kati ya hayo mawili.

"Pole, mdogo wangu," kaka akasema mwishoni. "Lakini yale ya maana si unayo kichwani?"

Ndiyo, alikuwa nayo kichwani. Alijua mama alisema nini. Alivyosema ndiyo iliyopotea: pale aliposita, neno alilorudia, vipimo vya watu mia na kitu na vicheko vyake. Ukimuuliza habari za kitambaa cha kwanza angekueleza, lakini kwa sauti yake yeye, karani wa masjala. Mama hamo.

Alijaribu. Kila jioni akakaa kwenye kiti cha chini, mara hii na daftari la karatasi na kalamu. "Mama, nieleze ule mwaka ulioharibu kitambaa." Mama alikuwa amerudi kutoka hospitali bila maneno. Alikuwa anamtazama binti yake kwa adabu, kama anavyotazamwa mteja aliyekuja siku ya mapumziko. Kitu kimoja tu kilichobaki ni mikono, inakunja, inakunjua.

Yale majibu ya kumtuliza, jirani na Bi Faili waliyakumbuka karibu yote, mmoja akimkumbusha mwenzake. Hayakuwa na kazi tena. Hakukuwa na swali.

Fundi aliirudisha kadi bila kuombwa. "Sasa jina liko moja tu," alisema, "lako." Bi Faili akaitikia kwa kichwa.

Mama alifariki mwezi wa kumi na mbili, mchana, jirani akiwa anamchana nywele.

Kaka alifika na suti yake. Yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye atakayesema mbele ya watu. Akamwomba dada yake daftari ili apate ya kusema, na dada akampa lililopo, zile sitini na moja, na ndani yake ile sentensi yake mwenyewe ya upole wa mama. Akaandika hotuba yake kwenye karatasi moja, akaitia sahihi, akaisoma vizuri. Ana sauti, yule bwana. Akasema mama alishona mpaka vidole vikapinda, na kwamba kwa cherehani ile moja aliwasomesha watoto wake wote wawili, sawasawa, hakumwacha hata mmoja nyuma. Wanawake wakafuta macho. Jirani, ambaye alikuwa amewahi kuusoma ukurasa wa *Barua* siku uliyoandikwa na hakuwahi kusema lolote, akaugeuza uso wake taratibu akamtazama Bi Faili. Bi Faili alikuwa anatazama mikono yake.

Watu walipotawanyika, kaka akamfuata jikoni alikokuwa anaosha vikombe. Akatoa ile karatasi mfukoni, ameikunja mara nne, akainyoosha kwenye meza kwa ubavu wa kiganja. Mwendo uleule wa mama.

"Mdogo wangu, naona daftari halinikubali tena."

"Kadi imerudi, kaka."

"Sawa. Ni haki yako." Akavuta kiti, hakukikalia. "Basi hii uiweke wewe. Ndiyo historia ya mama. Halafu uhifadhi."

"Kaka," akasema, mikono ikiwa ndani ya maji. "Uliusoma ukurasa wa barua?"

Kaka alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama, mgongo umeelekea ndani. "Barua gani?" akasema. Na kabla hajajibiwa, "Usichelewe kulala. Umechoka."

Kesho yake saa moja na nusu alipita pembeni mwa ukuta, kwa ncha za viatu. Akafungua mlango wa chini. Wa juu akauacha umefungwa. Akaiweka karatasi ya kaka mbele ya kompyuta, akaichapa yote, neno kwa neno, mpaka *sawasawa*, mpaka *hakumwacha hata mmoja nyuma*. Chini yake akafungua ukurasa mwingine mtupu, akauita *Barua*.

Maneno alikuwa anayajua. Yale hayakuhitaji daftari. *Nikarudisha godoro.* Lakini miaka thelathini na moja hakuwahi kuingiza kwenye faili karatasi isiyo na asili. Ya kaka ilikuwa na asili: iko pale mezani, imeandikwa kwa wino na ina sahihi. Ya mama haikuwa na kitu chochote isipokuwa yeye anavyosema, yeye mwenye kinyongo, yeye aliyeiondoa kadi kwa mkono wake. Na mwenye kusemwa yuko hai, na ni kaka yake, na sasa wamebaki wawili tu.

Nje mtu akagonga kwenye ubao, akaita, "Bi Faili, leo masjala imefungwa?" Hakuitika. Kidole kilikuwa juu ya neno lile, ambalo kwao lina maana mbili.

Kurasa mbili zimefunguliwa, na daftari likirudi linarudi zima. Ungekuwa wewe ndiye uliyekaa pale, ungelihifadhi na ukurasa wa kaka, na wa mama, au na zote mbili?